Iringa au Mbeya? Safari ya kutafuta mji wa kulelea watoto

Mume wangu alipoambiwa kazini kwake achague kati ya Iringa na Mbeya, alinirushia mimi swali hilo kana kwamba tunachagua rangi ya pazia. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikafungasha masweta, nikachukua watoto wetu wawili, wa darasa la sita na wa la tatu, tukapanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam.

Niseme mapema jambo ambalo mume wangu hakulisema: yeye ni Mhehe, na mama yake anaishi kijijini, si mbali na Iringa mjini. Mimi ni wa Tanga. Nilihisi jibu lilikuwa limeshapatikana kabla sijapanda basi.

Iringa huioni mpaka uifikie. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita bondeni, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo, na mji wenyewe umekaa juu kilimani. Jina lake linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Na kweli mji una tabia ya ngome: umetulia, unakutazama kwanza. Sokoni akina mama wanauza vikapu vya milulu bila kukuvuta mkono. Unasalimia, unasalimiwa, ndipo bei inatajwa. Mdogo wangu alijifunza "kamwene" siku ya kwanza na akawa anaamkia kila mtu, hadi makondakta wa daladala.

Tulikwenda Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Wajerumani waliivunja mwaka 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwapiga vibaya pale Lugalo. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini lilirudi mwaka 1954. Sasa limo ndani ya kabati la kioo. Mkubwa wangu alilitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, huyu ni babu yetu? Mbona hajazikwa?" Sikuwa na jibu. Ila nilisikia alivyosema "yetu", na nikajua kwamba kwa watoto wangu mji huu si wa utalii.

Jioni tulipanda jiwe la Gangilonga, linaloitwa jiwe linaloongea, tukaangalia taa za mji zikiwaka chini yetu. Pazuri. Lakini siku zote tatu kila mzee niliyetambulishwa kwake aliuliza swali moja: "Huyu ni mke wa nani?" Wanauliza kwa heshima, tena kwa upendo. Hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani. Mimi nashona sare za shule, na nina cherehani zangu tatu.

Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 300 hadi Mbeya, ukipita Mafinga yenye misitu ya mbao na Makambako yenye upepo.

Mbeya haikusubiri tuifikie. Ilianza Uyole na kuendelea tu, maduka, gereji, bajaji, malori ya Tunduma, huku Mlima Loleza ukiwa umesimama juu ya yote hayo. Mji huu ni kijana ukilinganisha na Kalenga. Ulianza mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha ikaja reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975. Ni mji wa watu waliokuja kutafuta, na hadi leo unawaona wametoka Rungwe, Kyela, Mbozi, Njombe, kila mmoja na gunia lake.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, likajengwa upya. Mama mmoja muuza mchele aliniita, "Dada wa pwani, njoo!" Sijui alinijuaje. Nilipomuuliza kama mchele wake ni wa Kyela kweli, alijibu, "Upike. Jirani asipobisha hodi, urudishe." Halafu akauliza swali nililolikosa Iringa: "Wewe unafanya biashara gani?" Nilipomwambia, alinipeleka mwenyewe kwa fundi anayekodisha kibanda.

Kelele zipo, tena nyingi. Vumbi la kiangazi lipo. Watoto walikumbuka utulivu wa Iringa ndani ya saa moja, na mkubwa alisema wazi kwamba angependa kwa bibi.

Usiku nilimpigia mume wangu. Nikamwambia ukweli: Iringa watoto wana kwao, Mbeya mimi nina pa kuanzia. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mama nitamweleza mimi."

Tulihamia Mbeya Januari, na kila likizo watoto wanakwenda Iringa. Mama mkwe hakufurahi, ila alinitumia kikapu cha milulu, na ndicho ninachokwenda nacho Mwanjelwa. Mdogo bado anawaamkia wauza mchele "kamwene". Wanamjibu "ugonile", wanacheka, wanamwongezea kiganja kimoja juu ya kilo.