Timu Isiyokuwa na Uwanja

Mara nyingi wazazi wa hapa Birere hutuuliza sisi makatekista swali moja: "Walimu, mbona mnawaacha vijana wetu wapoteze jioni nzima kwa mpira wa kikapu? Je, mpira utawapa ugali?" Swali hili si baya. Mtu anayeamka alfajiri kusukuma chukudu, au kupanga nyanya zake sokoni, ana haki ya kujua mwanawe anafanya nini. Wala hatupendi kumjibu kwa maneno matupu. Tutamjibu kwa habari ya kweli, habari ya timu moja ya chuo na msimu wake mmoja, kisha kila mtu apime mwenyewe. Habari hii ilitokea mbali, huko Marekani, miaka 10 tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini mkifuatana nasi mtaona kwamba mwisho wake umefika mpaka Kongo yetu.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mchezo wenyewe. Mwaka 1891, katika mji wa Springfield, mwalimu James Naismith alitafuta mchezo wa kuwachangamsha wanafunzi wake ndani ya nyumba wakati wa baridi. Alitundika vikapu viwili vya matunda, kimoja upande huu na kimoja upande ule, akawapa mpira. Ndiyo asili ya jina lake. Ni mchezo usiodai nafasi kubwa, na kwa sababu hiyo unatufaa sisi. Mtaa wetu umesongamana, nyumba za mbao zimeshikana mpaka karibu na mpaka wa Rwanda. Tena volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga uji wake wa moto tarehe 17 Januari 2002, mawe yake meusi yalifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Mahali pa kandanda twapatafuta kwa taa. Lakini mlingoti mmoja na pete ya chuma vyaweza kusimama hata juu ya mawe hayo, yakisha kusawazishwa.

Sasa twende San Francisco. Katika mji huo, kando ya bahari ya Pasifiki, mapadre Wayesuiti walianzisha shule mwaka 1855, nayo ikakua ikawa Chuo Kikuu cha San Francisco. Karibu na mwaka wake wa 100 kilikuwa bado chuo kidogo, tena si tajiri. Timu yake ya mpira wa kikapu haikuwa na jumba lake. Vijana walifanya mazoezi katika jumba la shule ya sekondari ya jirani, iliyoitwa Mtakatifu Inyasi, na siku ya mashindano walitumia kumbi za mjini. Wenzao walikuwa na majumba makubwa yenye viti maelfu. Wao walikwenda kama wapangaji.

Mwalimu wa timu aliitwa Phil Woolpert. Siku zile wengi walipenda kufundisha namna ya kutia mpira kikapuni. Yeye alisisitiza jambo lisilopigiwa makofi mengi, yaani kulinda: kumzuia mwenzako asitie, kumfuata kila aendako, na kumsaidia ndugu yako aliyepitwa. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja akizembea, wanne wengine wanalinda bure.

Katika vijana wake alikuwamo Bill Russell, mrefu kupita mita mbili, mzaliwa wa Louisiana, aliyefiwa na mama yake akiwa na miaka 12. Alipomaliza sekondari, hapana chuo kingine kilichompa nafasi ya kusoma bure isipokuwa hiki. Chumbani alikaa na K.C. Jones, mzaliwa wa Texas, mtu wa maneno machache na mikono myepesi. Msimu uliotangulia Jones alilazwa kwa ugonjwa wa kidole tumbo baada ya mechi ya kwanza tu. Wa tatu ni Hal Perry. Hawa watatu walikuwa weusi. Pamoja nao walicheza Jerry Mullen, nahodha, na Stan Buchanan, ambao walikuwa weupe.

Yatupasa tukumbuke hali ya Marekani wakati ule. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile ilikata hukumu kwamba si halali kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali. Lakini hukumu husomwa siku moja, na desturi hukawia kufa. Vyuo vingi vya kusini havikumpokea kabisa mtu mweusi. Hata penginepo, walimu wengi wa timu waliogopa kuwaingiza weusi wengi kwa pamoja, wasije wakaudhi watazamaji.

Msimu ulianza, na tarehe 11 Desemba 1954 vijana wa San Francisco walishindwa na chuo cha UCLA cha mji wa Los Angeles, pointi 47 kwa 40. Baada ya hapo Woolpert alifanya badiliko: alimweka Hal Perry katika watano wa kwanza. Basi weusi wakawa watatu kati ya watano. Wapo waliomlaumu kwa jambo hilo. Yeye alitazama nani anaweza kucheza, hakutazama ngozi. Walipokutana tena na UCLA mwezi ule ule, walishinda.

Siku za Noeli walisafiri kwenda Oklahoma City kwa mashindano. Walipofika, hoteli za katikati ya mji hazikukubali kuwalaza wachezaji weusi. Weupe wangelazwa bila shida. Tunamwomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo ulipo moyo wa habari yetu. Vijana weupe vitanda vyao vilikuwa tayari, hapana aliyewafukuza. Wangeweza kusema, "Poleni ndugu zetu, nasi tumeumia, tutaonana kesho uwanjani." Maneno hayo yangekuwa mazuri, wala yasingewagharimu kitu. Wao hawakusema hivyo. Timu yote iliacha hoteli, ikaenda kulala katika bweni la chuo lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo.

Hata uwanjani hawakuachwa na amani. Walipokuwa wakifanya mazoezi, watazamaji waliwatukana na kuwatupia senti. Inasimuliwa kwamba Russell aliziokota senti zile, akampa mwalimu wake amtunzie. Kisha wakacheza, wakashinda mashindano yote ya pale.

Tangu siku ile ya kushindwa na UCLA hawakushindwa tena msimu ule. Mwezi wa Machi 1955 waliingia katika mashindano makubwa ya vyuo vya nchi nzima. Siku moja waliponea chupuchupu: walicheza na Oregon State katika mji wa Oregon State wenyewe, wakashinda kwa pointi moja tu, 57 kwa 56. Tarehe 19 Machi 1955, mjini Kansas City, walifika fainali. Mpinzani wao alikuwa La Salle ya Philadelphia, chuo cha Mabruda wa Shule za Kikristo, nacho ndicho kilichokuwa bingwa wa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo vyuo viwili vya Kikatoliki vilisimama uso kwa uso.

La Salle walikuwa na Tom Gola, aliyesifiwa nchi nzima, naye alimzidi K.C. Jones urefu kwa mbali. Watu walidhani Russell ndiye atakayemlinda. Woolpert alimpa Jones kazi hiyo, ili Russell abaki karibu na kikapu. Jones alimfuata Gola kama kivuli, na juu ya hayo akatia pointi 24 yeye mwenyewe. Russell akatia 23. Walishinda 77 kwa 63. Katika msimu mzima walishinda mara 28 na kushindwa mara moja.

Msimu wa pili yake hawakushindwa hata mara moja, na kwa jumla walishinda mechi 60 mfululizo, mpaka Desemba 1956. Mwaka 1958 chuo kikapata hatimaye jumba lake la michezo. Lakini Russell na Jones walikuwa wamekwisha kuondoka. Walioshinda bila jumba hawakucheza katika jumba hilo kama wanafunzi. Na mwalimu Woolpert, baada ya miaka mingi, aliuacha mchezo akaendesha basi la watoto wa shule katika mji mdogo. Twalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba thamani ya kazi ya mwalimu huonekana katika cheo anachoishia.

Tuliahidi kufika Kongo. Bill Russell alikwenda kucheza Boston, na katika misimu 13 timu yake ilipata ubingwa mara 11. Kati ya mwaka 1964 na 1966 msaidizi wake uwanjani alikuwa kijana aliyeitwa John Thompson. Thompson huyu baadaye akawa mwalimu wa timu ya Georgetown, chuo kingine cha Wayesuiti, katika mji wa Washington. Mwaka 1987 alifika huko kijana kutoka Kinshasa, aliyesoma katika Koleji Boboto ya Wayesuiti, naye alikusudia kuwa daktari. Jina lake Dikembe Mutombo. Thompson alimfundisha kazi ile ile aliyoifanya Russell: kulinda. Mutombo alipostaafu alikuwa amezuia mitupo 3,289 katika ligi kubwa ya Marekani, na katika hesabu za ligi ile aliyemzidi ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria.

Udaktari hakuupata. Lakini mama yake alifariki Kinshasa wakati wa vita, kwa kuwa hakuweza kufikishwa hospitali, na mwana hakulisahau jambo hilo. Mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa Masina, naye alitoa sehemu kubwa ya fedha za kuijenga. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na mpaka leo wagonjwa hulazwa katika vitanda vya hospitali hiyo. Basi, mzazi anayeuliza kama mpira unaleta ugali, na alitie hili pia katika mizani.

Lakini si wote watakaokuwa Mutombo. Katika vijana wa Birere pengine hatakuwapo hata mmoja. Kwa hiyo hatuwezi kuutetea mchezo huu kwa fedha peke yake. Tunalo jambo jingine la kusema, nalo lilitupata wenyewe.

Miezi kadhaa baada ya vita vya Januari 2025 kuingia mjini Goma, vijana wetu walialikwa kucheza na timu ya mtaa mwingine. Mshindi aliwekewa mipira miwili mipya. Siku tatu kabla ya mechi ulifika ujumbe: njoni, ila wawili fulani wabaki nyumbani, maana watu wanawashuku kwa sababu ya lugha inayosemwa kwao. Wawili hao walizaliwa Birere. Mama zao huuza sokoni, meza kwa meza na mama za wenzao.

Vijana walituletea shauri hilo. Hatukuwapa amri, tuliwasimulia habari za bweni la Oklahoma City, kisha tukanyamaza. Walijadiliana mpaka giza likaingia. Wengine walisema ni afadhali kwenda wanane, washinde, kisha mipira itakuwa ya wote kumi. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, kwa sababu mpira wetu umechanika na hauhifadhi upepo. Wale wawili wenyewe walisema, "Nendeni tu." Hapo mdogo wao kuliko wote akauliza, "Na mkituita wawili wengine mwezi ujao, tutakwenda sita?" Hakujibiwa. Asubuhi wakapeleka jibu: kumi, au hapana.

Likaja jibu kwamba hapana. Siku ya mechi walihesabiwa wameshindwa kwa kutofika, na mipira ikaenda kwa wengine. Wapo wazazi waliowacheka. Jioni ile vijana walicheza wao kwa wao, watano kwa watano, na mama wa mmoja wa wale wawili akaleta sambaza na ugali, wakala wote katika sinia moja.

Hatusemi kwamba jambo hilo limemaliza chuki mjini. Halikuimaliza. Vijana wa San Francisco nao hawakuumaliza ubaguzi wa nchi yao kwa kulala katika bweni. Hoteli zile hazikufunguka kesho yake. Walichofanya ni kukataa kupokea kitanda ambacho ndugu yao alinyimwa. Hilo lilikuwa katika uwezo wao, wakalifanya, na siku zilizofuata walicheza kama watu wanaojua nani amesimama nyuma yao.

Wazazi wapenzi, tunawaomba mje siku moja kuwatazama watoto wenu. Msihesabu vikapu tu. Tazameni nani anampa nani mpira, na kama yuko ambaye haitwi kamwe. Mkimwona, tuambieni, maana pengine macho yetu hayakumfikia. Nanyi viongozi wa timu za mitaa mingine, mlango wetu uko wazi. Njoni na wachezaji wenu wote, wala hatutauliza lugha za nyumbani kwao. Na kama yuko msomaji mwenye mpira wa kikapu asiouhitaji, hata ukiwa umechakaa kidogo, vijana wa Birere wataupokea kwa shukrani.