Visu vya kukunja: ninavyovipenda na vinavyonikera

Wadau, kila mtu na ugonjwa wake. Wengine raba, mimi visu vya kukunja.

Napenda chenye loki. Kisicho na loki kilishajifunga kwenye kidole changu nikimenya muwa pale Omurushaka, kovu ninalo mpaka leo. Makali ya meno meno sitaki, yakiwa butu utayanoaje kwenye jiwe? Na vile vyenye tochi, kijiko na sijui nini, picha vinanoga, mfukoni mzigo.

Ila mpini wa plastiki ndio ulioniumbua. Likizo nilienda kwa bibi Kyerwa na kisu kipya cha bei mbaya, nikataka kumkatia majani ya mgomba. Bibi akanizuia: "Mjukuu wangu, hicho kimepita motoni?"

Mnyauko wa migomba uligundulika Kagera mwaka 2006, na unasafiri na utomvu kwenye visu. Ukikata mgomba mgonjwa, ukaja kugusa mzima, umeua chakula cha nyumba. Wenye jiki wanaosha kwa jiki, bibi anatumia moto. Nikakibabua changu, plastiki ikayeyuka! Bibi alicheka mpaka machozi.

Halafu akanionyesha: hata lile ua la chini ya mkungu halikati kwa kisu, analivunja kwa kijiti chenye panda.

Siku hizi nanunua cha mpini wa chuma, tena ni cha muwa na matunda tu. Mgomba hakigusi.

Wewe chako kinakata nini?