Mwanachama wa Karatasi ya Mshahara



Ndugu wapendwa, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo lisilosikika mara nyingi mimbarini, nalo ni namna mtumishi wa umma anavyoweza kushiriki katika chama chake cha wafanyakazi. Huenda mmoja wenu akauliza: mambo hayo na altare yanahusiana vipi? Tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa jambo lenyewe lilitujia mlangoni, nasi tulipolipokea mara ya kwanza tulilipokea vibaya.

Hapa kwetu Mbagala, kuanzia Zakhem na Kizuiani hadi Rangi Tatu, Charambe na Chamazi, ni vigumu kuikuta Jumuiya Ndogo Ndogo isiyokuwa na mwalimu, muuguzi, mtendaji wa mtaa au karani wa Manispaa. Hao ndio wanaotusomea masomo Dominika, ndio wanaotunza madaftari ya jumuiya, na ndio tunaowakimbilia pindi mtoto anapohitaji kuandikishwa shule au mgonjwa anapohitaji kuelekezwa. Tumezoea kuwatazama kama watu wa kuwasaidia wengine, hata tukasahau kwamba wao nao ni wafanyakazi.

Siku moja, baada ya Misa ya jioni, mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi alikuja ofisini akiwa na barua mkononi. Barua ilimtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kosa la utoro. Siku zilizotajwa alikuwa wodini akimuuguza mwanawe. Ruhusa aliiomba kwa mdomo, na kwa mdomo akapewa. Sasa hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha lolote. Tulimsikiliza, tukasali pamoja naye, tukamwambia avumilie kwa kuwa Mungu haachi waja wake. Akatushukuru, akaondoka akiwa na barua ileile na hofu ileile.

Aliyemsaidia hakuwa padre. Alikuwa mzee mmoja wa jumuiya yake, mstaafu, ambaye katika ujana wake alikuwa mwanachama wa JUWATA. Mzee huyo alimwomba amwonyeshe karatasi yake ya mshahara, akavaa miwani, akashuka na kidole katika safu ya makato mpaka akafika palipoandikwa ada ya chama, asilimia mbili ya mshahara. Makato hayo yalikuwa yakikatwa kila mwezi kwa miaka kumi na mmoja.

“Mwanangu,” akasema, “huyu unayemlipa kila mwezi, umewahi kumtuma kazi?”

Yule mama akacheka. “Baba, mimi chama nakijua kwa fulana ya Mei Mosi.”

Ndugu zangu, jibu lile linawahusu wengi. Wapo watumishi wasiojua jina la mwakilishi wao mahali pa kazi. Yule mama alipouliza kesho yake, aligundua kwamba mwakilishi ni mwalimu anayekaa meza ya tatu kutoka kwake katika chumba cha walimu. Wakakaa pamoja, wakaandika majibu kwa utaratibu, wakaambatisha karatasi za hospitali, na siku ya kikao hakuingia peke yake. Aliandikiwa onyo kwa kutokuomba ruhusa kwa maandishi, lakini kazi yake haikupotea. Watoto wake watatu wanaendelea kula na kusoma.

Tulipopata habari hizo tulifurahi, lakini pia tuliona haya. Kusali hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kumpa sala mahali ambapo alihitaji sala pamoja na swali moja rahisi: “Je, una chama, na umewaambia wenzako?” Tangu siku hiyo tumejifunza mambo kadhaa, na tungependa kuwashirikisha.

La kwanza ni sababu ya sisi Watanzania kukiona chama kama kitu kinachoshuka kutoka juu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mnamo Septemba 1947 wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea bara kwa njia ya reli. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaunda shirikisho lao, TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Lakini mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya mwezi Januari, shirikisho hilo lilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu cha taifa zima, na katibu mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, ikiwa jumuiya ya Chama tawala. Mwaka 1991 ikaja OTTU, na ndipo vyama vya kila sekta vikaanza kuzaliwa upya, kikiwemo Chama cha Walimu Tanzania mwaka 1993. Kwa hiyo kizazi kizima kilikulia katika desturi ya kuletewa viongozi na kukatwa ada. Sheria zimebadilika, lakini desturi haijabadilika upesi hivyo.

La pili ni kwamba sheria ya leo imemfungulia mtumishi milango mingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki katika shughuli zake halali, na inakataza mwajiri kumbagua kwa sababu hiyo. Penye wanachama kumi au zaidi mahali pa kazi, chama kinaweza kufungua tawi. Hata penye wanachama wachache kuliko hao, sheria inaruhusu mwakilishi mmoja. Kuanzia wanachama kumi hadi ishirini ni watatu, kuanzia ishirini na mmoja hadi mia ni kumi, na wakizidi mia ni kumi na watano, ambao angalau watano kati yao wawawakilishe wanawake. Wawakilishi hao ndio wenye kazi ya kusimama na mwanachama katika vikao vya malalamiko na vya nidhamu. Askari wa jeshi, polisi na magereza hawamo katika sheria hiyo, lakini mwalimu, muuguzi na karani wamo.

Basi mtumishi afanyeje? Tuliketi na walimu na wauguzi wa parokia, pamoja na yule mzee, tukakubaliana juu ya mambo haya.

Aanze kwa kuisoma karatasi yake ya mshahara. Je, anachokatwa ni ada ya uanachama au ni ada ya uwakala? Penye makubaliano ya uwakala, asiye mwanachama naye hukatwa, kwa kuwa naye hufaidi matunda ya majadiliano. Lakini kukatwa hakumfanyi kuwa mwanachama. Anayetaka uanachama na ajaze fomu, abaki na nakala yake. Ajue pia kwamba aliyejiunga anaweza kujitoa kwa kutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja. Mwanachama anayejua kwamba mlango uko wazi hukaa kwa hiari, na akaaye kwa hiari huuliza maswali.

Kisha akijue chama chake. Walimu wengi wamo katika Chama cha Walimu. Watumishi wa Serikali na afya wana TUGHE, na wale wa Serikali za Mitaa wana TALGWU. Kila chama kina katiba yake. Aiombe katika ofisi ya wilaya, aisome, aone uchaguzi wa tawi hufanyika lini na nani anaruhusiwa kugombea.

Halafu ahudhurie mikutano. Hapo ndipo wengi tunapoanguka. Mkutano wa tawi huitwa, watu wanane hufika, maamuzi hupitishwa na hao wanane, na kesho yake watu sitini hulalamika kwamba hawakushirikishwa. Anayeona viongozi ni dhaifu na agombee, au ampendekeze aliye hodari. Akina mama tunawasihi zaidi, kwa kuwa shuleni na wodini ninyi ndio wengi, lakini katika meza za uongozi mara nyingi hamuonekani.

Tena aulize habari za fedha. Sheria inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka na wanachama wawe na nafasi ya kuziona. Manung'uniko ya kwamba viongozi wanakula ada tunayasikia sana chini ya miembe, lakini kwa nadra tunasikia kwamba mtu alisimama mkutanoni akaomba taarifa ya mkaguzi. Manung'uniko ya chini ya mwembe hayana kumbukumbu; swali la mkutanoni huandikwa katika muhtasari.

Mwisho, asidharau baraza la wafanyakazi. Mabaraza hayo yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na hadi leo ni mahali ambapo wawakilishi wa watumishi hukaa na menejimenti kujadili bajeti na maslahi. Mwakilishi asiyetumwa na wenzake huenda kule na ukimya, akarudi na posho ya kikao.

Muuguzi mmoja alituambia: “Baba Paroko, sisi wa afya hatuwezi kugoma, basi chama cha nini?” Ni kweli kwamba sheria imeziweka huduma za afya katika huduma muhimu na kuzuia mgomo humo. Lakini mgomo si kazi ya kwanza ya chama, nao usipofuata utaratibu hauna nguvu. Mwishoni mwa Julai 2012 walimu waligoma nchi nzima wakidai, pamoja na mambo mengine, nyongeza ya mshahara ya asilimia 100. Baada ya siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamua kwamba mgomo haukufuata sheria, na walimu wakarudi darasani. Tunakumbusha hayo bila kuwacheka walimu, ambao shida zao zilikuwa za kweli. Tunachojifunza ni kwamba madai ya haki huhitaji watu wanaojua taratibu, nao hupatikana kwa kukaa mikutanoni miaka mingi kabla ya siku ya kishindo.

Hali kadhalika, Mei Mosi ya mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, wengi walishangilia kama wanaopokea zawadi. Kushangilia ni vema. Lakini mshahara si zawadi, ni haki ya aliyefanya kazi, na tarakimu za namna hiyo hudaiwa na kujadiliwa kwa muda mrefu kabla ya kutangazwa uwanjani. Ni heri kuwa miongoni mwa waliozidai.

Kanisa halijaanza jana kuyasema haya. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka Rerum Novarum, akatetea haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama. Mwaka 1955, mwaka uleule ilipozaliwa TFL, Papa Pius XII aliiweka tarehe Mosi Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza mwenyewe kwamba alichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na waraka wake.

Lakini hata kabla ya Mapapa, Maandiko yanatusimulia, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na kwa desturi urithi ungewapita. Hawakunung'unika hemani mwao, wala hawakumtuma mmoja peke yake akaumbuke. Walikwenda wote watano mpaka mlango wa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakaeleza dai lao wazi. Musa akalipeleka kwa Mungu, na Mungu akasema kwamba wana haki. Kuhani alikuwapo siku ile, na hatusomi popote kwamba aliwaambia warudi nyumbani wakavumilie.

Katika parokia yetu tunamfahamu Mkristo anayelipa zaka kila mwaka lakini hajulikani jumuiyani. Siku ya msiba wake tunahangaika kumtafuta jirani wa kusema habari zake. Tunamhurumia, kwa kuwa alitoa fedha yake akaizuia nafsi yake. Mtumishi ambaye uanachama wake uko katika karatasi ya mshahara peke yake anafanana naye.

Basi juma hili, wewe mwalimu, muuguzi au karani, fanya jambo moja tu: mtafute mwakilishi wako mahali pa kazi, mpe mkono, umuulize mkutano ujao ni lini. Nawe usiye mtumishi, ukimwona jirani ameshika barua ya namna ile, mwombee, kisha muulize lile swali ambalo sisi tulisahau kuliuliza.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.