Safari ya Moyale na Baba

Wahenga walinena: tembea ujionee. Likizo ya Agosti nilisafiri na baba kutoka Isiolo hadi Moyale, yapata kilomita 500, lami mwanzo mwisho. Tulivuka Ewaso Ng'iro karibu na Archers Post, mlima Ololokwe ukatutokea kama ukuta. Tulipoupita msitu wa Marsabit, tukaingia Dida Galgalu, mawe meusi hadi upeo wa macho.

Hapo baba, dereva wa lori enzi za vumbi, alisimamisha gari. "Mwanangu, hapa springi ilivunjika. Nilikaa siku tatu. Wafugaji wakanipa maziwa ya ngamia, hata jina hawakuniuliza."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akitokwa na machozi. Sasa mtu akidai kaskazini hakuna kitu, namkatalia katakata.