Bastola ya Babu na Herufi Moja

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu pia kipo kitu cha kale ambacho habari zake mmezipokea kutoka vinywani mwa wazee, na hapana mtu aliyethubutu kuzihoji. Kwetu sisi, hapa Katubuka, kitu hicho kilikuwa bastola.

Tangu utotoni nilisimuliwa kwamba mwezi Julai 1916, Wadachi walipokuwa wakiihama Kigoma, Babu alikuwa kijana mpagazi. Tarehe 26 ya mwezi huo waliizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Götzen ili isiangukie mikononi mwa adui. Bila shaka meli hiyo unaijua: ni ile ambayo Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Katika vurumai ile, tuliambiwa, afisa mmoja wa Kidachi alimtolea Babu bastola amlazimishe kubeba mizigo yake. Babu akamkamata mkono, akampokonya silaha, akatokomea nayo. Nilipokuwa darasa la sita niliandika insha juu ya kisa hicho. Mwalimu aliisoma mbele ya shule nzima, nami nikapewa daftari mbili na kalamu ya wino. Babu, ambaye alikuwa hai bado, aliposikia hakucheka wala hakunisifu. Aliinuka akaenda zake uani. Nilidhani ni unyenyekevu.

Bastola yenyewe sikupata kuiona. Tuliamini aliitupa ziwani kabla hajafariki. Kumbe la! Mwaka juzi tulipobomoa ukuta wa udongo wa chumba chake cha zamani, mafundi walitoa kijisanduku cha bati, na ndani yake mlikuwa na kitu kilichoviringishwa katika kitambaa kilichokauka kwa mafuta ya mawese.

Baba Mkubwa alitaka kwanza ipigwe picha, ndipo ipelekwe polisi. Hivyo tulikaa nayo siku 4, jambo ambalo halikutupasa hata kidogo, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kuwa na silaha bila kibali. Nalikiri kosa hilo mbele yako. Lakini katika siku hizo 4 ndipo nilipomwita mzee mmoja jirani yetu, aliyetumikia jeshi akiwa fundi wa silaha hadi alipostaafu.

Mzee yule hakuigusa kabla ya kuamuru watoto watolewe nje. Kisha aliifungua silinda, akayatazama matundu yote 6, akaridhika kwamba hayana risasi. Baada ya hapo akaiweka juu ya gazeti, akavaa miwani.

"Nani kasema hii ni ya Mdachi?" akauliza.

"Marehemu Babu," nikajibu.

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunifundisha kama anayemfundisha kuruta. Jeshi la Ujerumani, alisema, lilikuwa na bastola za silinda za namna mbili zilizo mashuhuri: ile ya mwaka 1879 yenye mtutu mrefu, na ile ya mwaka 1883 yenye mtutu mfupi zaidi. Ukizijua mbili hizo, huwezi kuzichanganya na hii. Na bastola za kiraia za Kijerumani zilizopimwa baada ya sheria yao ya mwaka 1891 hupigwa herufi zilizo chini ya taji, kama vile U. Nikamwuliza kuhusu Waingereza. Akasema yao ni Webley, nayo ilipita matoleo 6 tangu mwaka 1887. Matano ya kwanza yana mpini uliopinda kama kichwa cha ndege, na la sita, la mwaka 1915, lina mpini wenye pembe. Mali ya serikali yao hupigwa alama ya mshale. "Hapa sioni mshale wala mpini wa Webley," akasema.

Aliagiza mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Unajua jinsi mawese yanavyoganda yakikaa miaka mingi: huwa kama gamu ya seremala. Alisugua polepole, na kwenye silinda pakajitokeza alama ndogo ya umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota, na juu yake taji.

Hiyo, ndugu msomaji, ni alama ya mji wa Liège, nchini Ubelgiji. Tangu mwaka 1672 mji huo una nyumba maalumu ya kujaribia silaha: kila mtutu hupimwa kwa kufyatuliwa, na ukistahimili hupigwa chapa. Taji juu ya lile yai liliongezwa mwaka 1893. Kwa hiyo bastola yetu haikupimwa kabla ya mwaka huo.

Moyo wangu haukuvunjika bado. Wabelgiji waliiteka Kigoma siku 2 tu baada ya kuzamishwa kwa Götzen, wakaitawala hadi Machi 1921. Tena silaha za Liège ziliuzwa duniani kote, na hata Mdachi angeweza kuinunua moja kwa fedha zake. Chapa hueleza silaha ilipimwa wapi. Haielezi ilikuwa kiunoni mwa nani. Nilimweleza mzee hoja hizo kwa haraka haraka, kama wakili. Akaitikia kwa kichwa huku akiendelea kusugua.

Hatimaye akaniita nisogee. Chini ya ganda la mwisho la mawese palikuwa na herufi moja ndogo: f.

Kuanzia mwaka 1922 nyumba ile ya Liège ilianza kupiga herufi moja kwa kila mwaka. Mwaka 1922 ni a, mwaka 1923 ni b, na kuendelea. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Herufi f ni mwaka 1927. Bastola ambayo Babu alimpokonya Mdachi mwaka 1916 ilipimwa miaka 11 baada ya Mdachi huyo kuondoka.

Jioni ile nilimwendea Shangazi, binti pekee wa Babu aliyebaki hai. Nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikamweleza habari ya herufi. Alikaa kimya hadi adhana ya magharibi ikaisha.

"Mama aliniambia kabla hajafa," akasema. "Nilitaka ife na mimi."

Baada ya kukabidhi Kigoma kwa Waingereza, Wabelgiji walibaki na eneo lao bandarini kwa mapatano ya mwaka 1921, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Babu alikuwa kuli katika bohari moja huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, miaka ya nzige, kreti moja lilianguka likapasuka, naye akaficha bastola ndani ya shuka. Hasara ilipogunduliwa, alishikwa mwenzake aliyekuwa naye zamu. Alichapwa, akafungwa, akafukuzwa kazi. Babu hakusema neno. Hakuthubutu kuiuza bastola, wala kuirudisha. Watu walipoanza kunong'ona kwamba ana silaha, akamzua yule Mdachi.

Baba Mkubwa alikasirika. Alisema marehemu hawezi kujitetea, na kwamba herufi moja haitoshi kumvua mzee heshima yake. Sikumlaumu, ni baba yake. Lakini jina la yule kuli Shangazi alilijua, na wajukuu zake wako Ujiji, hata si mbali na soko.

Bastola tuliikabidhi polisi siku ya tano. Jumapili iliyofuata nilikwenda Ujiji, Shangazi akiwa pamoja nami kwa shauri lake mwenyewe. Tulipokewa na mzee wa makamo, mjukuu wa yule aliyefungwa. Shangazi ndiye aliyesema. Kwao, kumbe, jambo hili halikuwa siri; babu yao alikana wizi ule hadi siku aliyofariki, na ndani ya nyumba yake mwenyewe wapo waliokuwa hawamsadiki.

Mwenyeji wetu aliuliza kama anaweza kuiona bastola. Nikamwambia haipo tena mikononi mwetu. Akauliza basi tumejuaje. Nilitoa karatasi, nikamchorea lile yai, taji juu yake, na ile f pembeni, nikamwandikia miaka moja moja tangu 1922. Aliisoma kwa kidole hadi mwisho. Kisha akamwita mwanawe, akamwambia alete chai, naye akaikunja karatasi ile akaitia mfukoni mwa kanzu.