Mpini wa Baba

Sisi wa visiwani mshipi tunauzungushia kipande cha ubao au chupa tupu, na kidole chenyewe ndicho kinachohisi samaki anapogusa chambo. Ndiyo maana nilikua bila ya kujua kazi ya kile kidude cha chuma cha mviringo kilichokuwamo ndani ya kopo la biskuti la marehemu baba, pamoja na kamani za saa, mishale iliyovunjika na skrubu ndogo mfano wa punje za ufuta. Nilikuwa nikikizungusha mpini wake ili nisikie kinavyolia. Baba hakunikataza. Aliniambia tu: "Taratibu, mwanangu. Hicho nacho kina moyo."

Baba alikuwa fundi wa saa. Aliondoka Unguja mwaka 1957 akafungua kijiduka Nyeri, mji ulio baina ya Mlima Kenya na safu ya milima ya Aberdare, na akarejea mwaka 1981 na kopo lile mkononi. Huko bara mito ni ya maji baridi, na ndani yake mna samaki mgeni, trauti, ambaye mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskochi, na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan. Wavuvi wa trauti hawamtegi kwa kipande cha dagaa. Humrushia nzi wa bandia, aliyefumwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana, na mshipi uliobaki hukaa ndani ya kigurudumu kilichofungwa chini ya ufito. Kigurudumu hicho ndicho rili. Wazungu wa Nyeri walikuwa nazo, nazo ziliharibika kama viharibikavyo vyombo vyote, na mtu anayeijua kamani ya saa hashindwi na kamani ya rili. Hii ya kwetu mwenyewe alimwachia baba mwaka 1967, alipokuwa akihama, badala ya ujira aliokuwa akidaiwa.

Mwaka 2023 dada yangu mkubwa alianza kupoteza nuru ya macho. Tabibu alisema tiba ipo, lakini si ya kungojewa, na gharama yake ilituzidi. Binamu yetu anayeishi Uingereza alikumbuka kidude cha kopo la biskuti. Akaniomba picha, akazionesha kwa mfanyabiashara wa zana za kale za uvuvi, na jawabu likaja na masuali mawili: Je, mpini ni wa pembe ya ndovu? Na je, vipande vyote ni vya asili?

Suali la kwanza lilikuwa la kisheria. Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza inazuia biashara ya pembe za ndovu, isipokuwa kwa vitu vichache vilivyosamehewa. Niliona ajabu kuulizwa jambo hilo nikiwa nimeketi katika mji ambao, katika karne ya 19, ulikuwa soko kubwa la pembe hizo hizo. Suali la pili ndilo lililoninyima usingizi kwa miezi miwili.

Nikaitoa lenzi ya baba, ile ya kubana jichoni, nikaanza kuisoma rili kama nisomavyo hati za zamani. Usoni mwake mna maandishi ya watengenezaji, Hardy wa Alnwick, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, na jina la aina yake, Perfect. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1872. Forster Hardy, mmoja wa ndugu wenye mali, alisajili mwaka 1888 ubunifu wa kulifanya gurudumu la ndani lizunguke juu ya gololi za chuma, na rili hizo zikaanza kuuzwa mwaka 1891. Zimetengenezwa kwa miaka mingi mno, na kila zama ziliacha alama yake, na hapo ndipo penye elimu.

Nilijifunza kwanza kwamba vipande vinapaswa kuwa hirimu moja. Rili za mwanzo zilikuwa za shaba, na mipini yake ya pembe ya ndovu. Kisha ikaja aluminiamu iliyopakwa rangi nzito ya risasi, mguu ukabaki wa shaba, na mpini ukawa wa kitu cha kiwandani kilichofanywa kifanane na pembe. Baadaye mipini ikawa myeusi, na miguu nayo ikawa ya aluminiamu. Mpini mweusi juu ya uso wa shaba ni kama kijana aliyeketi katika safu ya wazee: huenda ana sababu, lakini lazima aulizwe.

Nilijifunza pili kwamba uchakavu husema kweli. Rangi hufutika pale kidole kinapopita na pale rili inapowekwa chini. Kipande kilichong'aa katikati ya vilivyochoka, au kilichochoka katikati ya vinavyong'aa, kimetoka kwengine. Na anayeisugua rili yote ili ipendeze huwa amemnyamazisha shahidi huyo.

Tatu ni athari za zana. Skrubu iliyofunguliwa kwa bisibisi isiyo saizi yake hubaki na kidonda kichwani. Mguu uliopigwa tupa huwa mwembamba kwenye ncha, kwa kuwa mwenyewe aliulazimisha uingie katika ufito usiokuwa wake. Na mpini wa Perfect hushikwa na mhimili uliopita katika bamba la uso na kupigwa nyundo kwa upande wa ndani, basi hautoki ila mhimili huo uguswe. Ukitaka kujua kama mpini umebadilishwa, usiutazame mpini. Geuza bamba, utazame nyuma yake.

Nikageuza. Mhimili wetu ulikuwa umepigwa mara mbili. Mguu wa shaba ulikuwa na mikwaruzo ya tupa kwenye ncha moja. Ulimi mdogo wa chuma, unaogonga meno ya gurudumu na kuifanya rili ilie, ulikuwa umekatwa kwa mkono, na kingo zake hazina ule ulaini wa kitu cha mashine. Ndani ya kasha palikuwa na herufi mbili za fundi wa Alnwick aliyeiunga rili, zilizopigwa kwa chapa. Chini yake palikuwa na mikwaruzo myembamba ambayo mtu mwengine angeidhania ni uchakavu.

Mafundi wa saa wana desturi ya kukwaruza ndani ya kifuniko kila wanapoitengeneza saa, ili fundi ajaye ajue lililofanyika. Mikwaruzo ile ilikuwa ni herufi za Kiarabu, na nilipoisoma nilisikia Kiswahili kwa sauti ya baba: mpini, ulimi, 1385. Mwaka huo wa Hijria uliangukia 1965 na 1966.

Nilimpelekea dada rili akiwa kitandani. Sikumwambia neno. Aliupapasa mpini kwa vidole, akatabasamu. "Hii pembe ya ng'ombe, mdogo wangu. Baba aliichemsha nyumbani Nyeri, kisha akaipiga tupa siku nzima. Nyumba ilinuka nywele zilizoungua, mama akamtoa nje." Kwenye ncha ya mpini nilikuwa nimeitafuta ile mistari inayopishana kama wavu, ambayo ndiyo alama ya pembe ya ndovu, nikaikosa. Pua ya dada, kwa kumbukumbu ya miaka karibu sitini, ilikuwa imenijibu suali lililobaki.

Nikaandika ukweli huo. Mfanyabiashara akajibu kwa upole kwamba si neno. Anao mpini kutoka Perfect nyengine iliyokufa, ya saizi ile ile na ya miaka ile ile. Fundi wake ataufunga, sisi tutabaki na mpini wa baba kuwa ukumbusho, na rili itauzwa kwa karibu mara mbili ya bei. "Ni kipande sahihi kabisa," alisema, "hakuna atakayejua."

Sikumwona kuwa mtu mbaya. Siku mbili nilikaribia kukubali, kwani macho ya dada hayakuwa jambo la falsafa. Kilichonizuia ni lile neno lake, sahihi. Sisi tunaonakili tenzi za kale tunalijua vyema. Mchwa anapokula mshororo, mtu mwenye sikio anaweza kuujaza. Atahesabu mizani nane, ataleta kina kinachohitajiwa, atachagua msamiati wa zama zile, na ubeti utasimama bila ya kuyumba. Utakuwa mshororo sahihi. Lakini mshairi hakuusema. Mnakili mwaminifu huacha pengo, au hujaza na kutia alama kwamba hapa nimejaza mimi. Asiyetia alama huwa hakuutengeneza utenzi. Amemwibia mshairi mahali pake pa kunyamaza.

Ule mpini wa rili iliyokufa ulikuwa vivyo hivyo. Ungekuwa wa zama zake, wa karakana yake, wa rangi yake, na bado usingekuwa wa rili hii hata siku moja. Mpini wa baba haukuwa wa asili, lakini ulikuwa wa kweli, na ndani ya kasha mlikuwa na hati inayosema hivyo. Kumbe tungeuza chombo kinachotushuhudia kwa uongo, kwa lugha yetu wenyewe, tukitegemea kwamba mnunuzi hajui kuisoma.

Nikamweleza dada yote, na bei zote mbili, kwa kuwa macho yalikuwa yake na uamuzi ulikuwa wake. Alikaa kimya, kisha akaniuliza: "Umetazama vikaratasi?" Sikumfahamu. Akasema: "Baba hakupata kumrudishia mtu saa bila ya kumrudishia na kilichovunjika. Alikuwa akisema, mwenye mali aone alicholipia."

Nikalimwaga kopo juu ya mkeka. Chini kabisa, miongoni mwa vikaratasi vilivyosokotwa kama vya kufungia uzile, kimoja kilikuwa na nusu ya mpini, rangi ya chai ya maziwa, uliopasuka kwa urefu, na ulimi wa chuma uliolika ncha. Mwenye rili alipoiacha alikiacha na kikaratasi chake. Asili tuliyokuwa tukiulizwa ilikuwamo nyumbani muda wote, imevunjika.

Rili tuliiuza mwaka 2024. Niliandika karatasi yenye safu mbili. Kulia niliorodhesha vilivyotoka Alnwick: kasha, uso, gurudumu, gololi na skrubu zote isipokuwa moja. Kushoto niliandika vilivyoguswa baadaye: mpini, ulimi, mguu uliopigwa tupa na mtu tusiyemjua, na skrubu ile moja. Nikanakili na mikwaruzo ya baba, na maana yake chini. Kikaratasi cha mpini uliovunjika kilikwenda pamoja nayo. Aliyeinunua hakuwa mkusanyaji bali mvuvi, na bei aliyotoa ilikuwa chini sana ya ile tuliyoahidiwa. Ndugu na majirani walijazia iliyopungua, na deni moja bado ninalilipa. Jicho la kulia la dada lilitibiwa mwaka huo huo. La kushoto lilikuwa limechelewa.

Sitaki kusema kwamba tulifanya vyema. Huenda kwa ile bei nyengine tungesafiri miezi mitatu mapema, na hilo linanijia usiku. Nilimwambia dada hivyo mara moja, akaniambia muungwana ni vitendo, na kwamba nisimrejeshee maneno ambayo ameshayamaliza.

Rili sasa ipo kwenye mto nisioujua, inazungushwa kwa pembe ya ng'ombe wa Nyeri. Mvuvi yule alituandikia mara moja tu. Hakuulizia thamani. Aliuliza kama inajuzu naye, siku atakapoubadilisha ulimi ukilika, akwaruze jina la kipande na mwaka chini ya mikwaruzo ya baba. Nilimsomea dada barua hiyo. Akanituma nijibu kwamba inajuzu, ila asisahau kukitunza kilichovunjika.