Kutoka Kasuku mpaka Unguja

Wamama wapenzi, tangu nirudi wengi mmeniuliza, sokoni na kwenye likelemba: "Mwalimu, bahari iko namna gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nimeandika.

Shida za njia mnazijua, sitazieleza sana. Kindu mpaka Kalemie kwa gari la moshi, na usiku nilizolala njiani niliacha kuzihesabu. Kalemie mpaka Kigoma kwa meli. Kigoma anakaa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya safari, Mungu ambariki. Tukaenda pamoja mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo meli ya mwendo kasi, kama saa mbili, mpaka Unguja. Lualaba yetu ni pana lakini ng'ambo unaiona. Baharini nilitafuta ng'ambo nikaikosa, nikashika chuma cha meli kwa mikono miwili kama mtoto.

Mji wa zamani wanauita Mji Mkongwe. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na njia ni nyembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Milango ni ya mbao nzito, imechongwa maua na minyororo, mingine ina misumari mikubwa ya shaba nyeupe na ya njano. Wazungu wamejaa wakiipiga picha. Jumba la Maajabu, lililojengwa 1883 na Sultani Barghash, sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Jioni watu wote wanashuka Forodhani, kando ya maji, kula pweza na urojo. Mimi nilitafuta sombe. Wao wanaita kisamvu, wanapika na nazi. Ni tamu, sikatai, lakini bila mawese naona kama imevaa nguo ya mtu mwingine.

Soko la Darajani nilimkuta mama mzee anauza ndizi. Nikamsalimu kwa namna yetu: "Jambo mama, uko muzuri?" Akaniangalia tu. Dada akanifinya: "Sema shikamoo." Nikasema. "Marahaba," akajibu, uso ukafunguka. Mimi mwenye diploma ya ISP, ninayefundisha watoto kusoma, nilirudi kuwa mwanafunzi mbele ya ndizi. Akaniuliza ninakaa wapi. "Kasuku." Akacheka mpaka akashika kiuno: "Unakaa ndani ya ndege?" Nikamweleza kwamba ni komini ya Kindu, kule Maniema. Hapo akaacha kucheka. Akasema bibi yake mzaa baba alikuwa Mmanyema. Nikamuuliza wa kijiji gani. "Hakujua. Alikuja mdogo."

Akanifungia ndizi sita, akakataa pesa.

Kesho yake tukaenda Mkunazini. Pale ndipo palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na juu yake Waanglikana wakajenga kanisa lao kubwa. Nje kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni. Wanatembeza wageni pia katika vyumba viwili vya chini, dari chini sana, dirisha kama tundu. Kimoja, anasema kijana anayetembeza watu, kilikuwa cha wanawake na watoto. Niliinama kuingia. Sikukaa hata dakika tano. Nilikuwa ninafikiri Nyangwe, ambayo wengi wenu mnaijua kwa sababu ya soko lake. Julai 1871 Livingstone alikuwa pale siku watu wa wafanyabiashara walipopiga bunduki katikati ya soko. Waliokufa ni mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, na wengine walizama wakikimbilia mitumbwi. Wale waliochukuliwa wazima katika nchi yetu ndio walitembea mpaka huku. Mimi nimelalamika kwa ajili ya gari la moshi.

Sasa niseme jambo ambalo lilinisumbua. Kwetu, upande wa baba, tulikua tukisifiwa kwamba sisi ni waungwana, watu wa Tippu Tip wa Kasongo. Lilikuwa jambo la kujivunia: kanzu, sala, Kiswahili safi. Nyumba ya Tippu Tip iko palepale Mji Mkongwe, mtaa wa Shangani. Alifia Unguja 1905. Nilikuta familia za kawaida zinaishi ndani. Nilisimama mbele ya ule mlango, mzuri kweli, na juu kulikuwa na nguo za mtoto zimeanikwa. Dada akataka kunipiga picha. Nikakataa, na hata yeye nilishindwa kumweleza kwa nini.

Siku ya mwisho tukaenda Paje, upande wa mashariki, na hii ndiyo napenda wenye vikundi wasikie. Maji yakikupwa, wamama wanaingia baharini na kamba na vijiti, wanafunga mwani kwenye kamba kama sisi tunavyopanda mistari ya karanga. Wanaukausha na kuuza, na vikundi vingine vinatengeneza sabuni. Waliniambia maji ya karibu yamekuwa ya moto, mwani unakufa, inabidi kwenda kwenye kina, na wengi wao hawajui kuogelea. Lakini pesa ya mwani ni ya mama, na wengi wamelipia shule kwa hiyo.

Nilileta vipande vinne vya hiyo sabuni. Kimoja nilimpelekea koko yangu, mama mzazi wa baba. Nikamweleza yote, ya Mkunazini na ya ule mlango, kisha nikamuuliza: koko, sisi tulikuwa waungwana au tulikuwa wale wengine? Alinusa sabuni muda mrefu.

"Babu yangu alikuwa na bunduki," akasema. "Bibi yangu aliletwa Kasongo mtoto, meno hajamaliza kubadilisha. Aliletwa na nani, hakusema. Walizaa watoto saba."

Kisha akaniomba maji anawe mikono, ajaribu sabuni kama inatoa povu.